Ng'ombe Wasionuka Kuro

Msimu ule kila boma la bonde la Isenga lilinuka kuro, isipokuwa la baba yangu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilihitaji mitambo kuuona ukweli. Nilihitaji pua tu, na pua ninayo, tena kubwa, ya ukoo.

Asiyemjua kuro na ashukuru. Ni mnyama wa porini mwenye duara jeupe matakoni, mzuri kumtazama kwa mbali, lakini manyoya yake hutoa jasho zito linalonuka mafuta yaliyochacha. Mbung'o hunywa damu ya nyati, ya ngiri, ya punda na ya mwenye punda, ila akifika kwa kuro hugeuza njia. Kwa hiyo sindano ya mwisho ya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, iliposhindwa, na ng'ombe wakawa wanakonda na kuanguka kuanzia mtoni mpaka barabara kuu, wataalamu wa Kituo chetu cha utafiti wa mifugo walijiuliza swali ambalo hata mtoto angeliuliza: je, kama kila ng'ombe angenuka kuro?

Wakaotesha tezi. Ilikuwa hai, ndogo kama punje ya harage. Ukiipandikiza chini ya ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe, ilikunywa damu yake kidogo na kutoa jasho la kuro kwa miezi tisa. Watu walilalamika, na walikuwa na haki. Maziwa yalinuka kuro, blanketi zilinuka kuro, mabwana harusi walinuka kuro. Kwaya ya Isenga ilipoalikwa mjini, wenyeji walisema waliijua kwa pua kabla ya kuisikia kwa masikio. Lakini ng'ombe walisimama. Ndama waliozaliwa msimu ule waliishi, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka sita. Mimi, Holo Shigela, afisa mifugo, nilikuwa mmoja wa saba tuliopita vijiji arobaini na vitatu tukipandikiza, na kila nilipofika nilipewa kiti cha mbele.

Kwetu nilipandikiza peke yangu, ng'ombe mia moja ishirini na mmoja, wiki tano baada ya kumzika baba. Tezi zao zilitoka kwenye boksi la pembeni. Mkuu wangu, Daktari Kokushubira, ambaye sote tulimwita Mama Koku, alinikabidhi boksi hilo mlangoni mwa ofisi yake, akashusha sauti. "Hizi ni toleo jipya," aliniambia. "Hazinuki. Wapelekee nyumbani, mwanangu. Nyumba ya msiba isiongezewe uvundo."

Sikuuliza neno. Nani huuliza maswali anapopendelewa? Nilifunga boksi nyuma ya pikipiki nikaondoka nikiwa nimevimba kichwa. Kaka yangu Luhende, ambaye ndiye aliyebaki na boma, alivimba zaidi yangu. Alisimama mnadani mbele ya wanaume wenzake akawaambia waendelee kulala na kuro wao, yeye ana dada Kituoni. Niliposikia nilicheka, wala sikumkanya.

Huo ulikuwa mwanzo. Mwezi wa saba tangu nipandikize, nilirudi.

Nilifika saa nne asubuhi. Ng'ombe wa baba walikuwa bado zizini, na saa nne ng'ombe wetu huwa wameshafika mtoni. Luhende alikuwa amechuchumaa kando ya Kijivu, ng'ombe mama aliyenyonyesha nusu ya kundi lile, akimkanda mbavu kwa mikono miwili.

"Mwangaluka, kaka."

"Mwangaluka." Hakuinuka. "Huyu atakuwa wa tisa. Juzi aliingia zizini mwenyewe. Jana nilimsukuma kwa bega. Leo amekataa."

"Wanane wamekufa na hukuniita?"

"Nilikuita mara tatu. Kituoni walinijibu kuwa uko vijijini, ujumbe utafika." Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Haukufika?"

Haukufika. Nilimfunua Kijivu kope; ndani palikuwa peupe, hapana hata uzi wa damu. Nikampapasa shingoni, uvimbe ulikuwepo. Nilihitaji nini tena? Nagana naijua tangu nilipokuwa nikivaa kaptura za Luhende. Nikaweka kiganja mgongoni mwake na nilipokiinua nilikuwa nimebana mbung'o watano, mabawa yamepandana kama mkasi uliofungwa, matumbo yamejaa. Katika boma lenye tezi, ukipata mbung'o watano kwa siku nzima unaandika taarifa.

"Labda toleo jipya lina kasoro," alisema Luhende. Alisema kwa upole, kana kwamba kasoro hiyo ilikuwa yangu na hakutaka kunitahayarisha.

Nikatoa kisu cha upasuaji. Kijivu hakutikisika nilipochana ngozi. Tezi ilitoka nzima, nyeupe, wakati za kuro huwa za kahawia, nikaipasua juu ya kidole gumba changu na kuipeleka puani.

Ilinijia pumzi ya ng'ombe aliyeshiba, tamu, yenye majani na joto. Na chini yake kulikuwa na mkojo uliolala, ule mkali kidogo, wa zizi la siku tatu. Kwa miaka kumi na mmoja nimetega mbung'o kwa vitambaa vya buluu na chupa ndogo iliyofungwa pembeni ya kitambaa, na ndani ya chupa kuna harufu hiyohiyo, iliyochanganywa maabara ili nzi aliye mbali aamini kuwa pale pana ng'ombe mnene anamsubiri. Nimeimwaga kwenye viatu vyangu mara mia. Ningeitambua hata usingizini.

Baba yangu alikuwa ameacha ng'ombe mia moja ishirini na mmoja, nami nilikuwa nimewageuza kila mmoja kuwa chupa ya mtego.

"Vipi?" aliuliza Luhende.

"Imeharibika," nilisema. "Naipeleka Kituoni."

"Lakini inatibika?"

"Nitakuambia kesho." Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake tangu utotoni, au wa kwanza wenye uzito, na aliupokea bila kuukagua.

*

Mama Koku alikuwa chumba cha ramani. Kuna watu wanaoonekana wadogo ofisini kwao; yeye alikijaza chumba. Alinitoa chuo cha mifugo nikiwa sijui hata kushika sindano sawasawa, akanifundisha kazi, akanisomesha zaidi, akanifokea mbele za watu na kuniomba radhi faraghani. Baba alipofariki alisafiri siku nzima kuja kwetu. Alileta kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye majani ya mgomba, kama wanavyofanya kwao Bukoba, akakaa mkekani na wanawake siku tatu, akaosha vyombo, akalia. Mama yangu mdogo aliniambia, huyo ni mtu.

Sikubisha hodi. Niliiweka tezi juu ya meza yake, katikati ya karatasi.

"Inanuka nini, Mama?"

Aliitazama bila kuishika. "Nilidhani ungejua mapema zaidi," alisema. "Keti."

"Nimesimama vizuri."

Ukutani, ramani ya bonde ilikuwa inajichora. Kituo kina vindege vidogo vinavyoitwa kereng'ende, vinaruka juu ya vichaka kutwa vikihesabu mbung'o kwa joto la miili yao, na kila hesabu hutua ukutani kama kitone chekundu. Sisi wa vijijini hatuonyeshwi ramani nzima, kila mmoja hupewa kipande chake. Nilikuwa nikidhani ni kwa ajili ya kutuondolea kazi. Sasa niliiona yote: vijiji arobaini na vitatu vyeupe, safi, na kwenye kona ya kusini doa moja jekundu lililokolea mpaka likawa jeusi. Sikuhitaji kusogea kusoma jina.

"Mbung'o hatagi mayai," alianza, kwa sauti yake ya darasani. "Hilo nilikufundisha mimi. Analea buu moja tumboni, analizaa, analea jingine. Mchache, mvumilivu, na kila siku ya pili au ya tatu lazima anywe. Ukimfukuza kwa ng'ombe elfu sitini hafi kesho yake. Anatafuta. Na jasho la kuro analizoea, Holo. Tumewafuga humu ndani. Kizazi cha kumi wanatua juu ya kuro kama wanavyotua juu ya nguruwe. Tulikuwa na nafasi moja ya kuwafukuza, miezi tisa, halafu basi. Kwa hiyo ukimfukuza huku ni lazima umkaribishe kule, na kule umpe kitu."

"Mnampa nini?"

"Tezi nyeupe inaita, na inamwaga dawa kwenye damu. Nzi akinywa, dawa inaua vimelea tumboni mwake, na inabaki humo. Anampa mtoto, mtoto anampa mjukuu. Atauma, lakini nagana hataibeba tena. Leo, kati ya mbung'o mia moja wa bonde hili, sabini na mmoja ni safi. Wakifika tisini na tano ugonjwa unakufa wenyewe. Zimebaki siku hamsini na nne."

Nikasema polepole, maana nilijua jibu lakini nilitaka litoke kinywani mwake: "Na dawa hiyo inamsaidiaje ng'ombe?"

"Inafanya kazi tumboni mwa nzi tu."

"Kwa hiyo anayeita anaumwa na wote, wasafi na wachafu."

"Ndiyo."

Nilimuuliza kwa nini hawakuweka ng'ombe wa Kituo. Alisema waliweka, mwaka wa kwanza wa majaribio, bila kututangazia. Ng'ombe arobaini ndani ya seng'enge, na wahudumu wa zamu. Walikufa wote ndani ya wiki sita kwa sababu mhudumu wa zamu hamkandi ng'ombe mbavu. Yalihitajika makundi yanayopendwa, alisema, yenye mtu wa kuyanywesha na kuyainua, ili yakae hai yakiliwa.

"Na kundi lisilohama," aliongeza. Hapo sauti ya darasani ilimtoka. "Mfugaji yeyote ng'ombe wake wakianza kuanguka anahama. Akihama na hawa, anakokota mbung'o wa bonde zima mpaka mlangoni kwa wengine. Nilihitaji kundi ambalo mwenyewe hawezi kulihamisha, hata wakifa."

Nikakaa.

Kwetu mwenye boma akifa, ng'ombe wake hawaendi popote mpaka misimu miwili ya mvua ipite juu ya kaburi lake. Hawauzwi, hawagawanywi, hawavuki bonde. Na jambo hili haliambiwi mtu wa nje, kwa sababu enzi za wizi wa mifugo aliyejua kuwa boma lina msiba alijua pia wapi pa kuwakuta ng'ombe, mwaka huu na mwaka ujao. Tunafundishwa tungali wadogo: mgeni akikuuliza mtahama lini, unajibu kesho kutwa. Hata kama kaburi bado bichi, hata kama mgeni ni shemeji, unajibu kesho kutwa, na anayejua mila anaelewa asiulize tena.

Siku ya pili ya msiba, tukiwa tunasuuza masufuria, Mama Koku aliniuliza kwa huruma kama tutahama, maana malisho yalikuwa yamekwisha upande ule. Nami, niliyesoma, niliyeona mambo ya wizi wa mifugo ni hadithi za mababu, nilimweleza yote. Misimu miwili, kaburi, mvua. Nilijisikia vizuri kumweleza. Nilimwona kama mama.

"Ulikaa mkekani kwetu," nilisema.

"Nilikaa."

"Ulilia."

"Sikuigiza, Holo. Nilimlilia mzee wako."

"Wazo hili lilikujia kabla ya kulia au baada?"

Alifikiri. Hilo ndilo siwezi kumsamehe hata leo, kwamba alifikiri, akatafuta jibu sahihi kama mtu anayejaza fomu. "Siku ya pili," alisema. "Jioni."

Sijawahi kumpiga mtu mzima, lakini siku hiyo nilitamani. Badala yake nikauliza swali la kijinga la mtu aliyeumizwa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemwambia kaka yako."

"Ndiyo."

"Na kaka yako angekubali?"

Nilitazama doa jekundu ukutani.

"Na mwingine asingefunguliwa zizi," aliendelea. "Nyumba ya msiba, nani angeruhusiwa kuwachana ng'ombe ngozi ya shingo wiki ya tano? Ilikuwa lazima uwe wewe." Akasogeza mbele yangu kisahani cha kahawa ya kutafuna, kama afanyavyo kwa kila mgeni. Sikugusa. "Kisu unacho. Wamebaki mia moja na kumi na watatu. Ukianza kuzitoa tezi kesho asubuhi utamaliza kesho kutwa jioni, na mwito utakoma. Sitakuzuia wala sitatuma askari. Lakini kati ya nzi mia, ishirini na tisa bado wana vimelea, na tezi za kuro zimeanza kulegea. Nzi mwenye njaa hachagui. Hesabu yangu ni ng'ombe elfu nane kabla ya mvua nyingine, na safari hii hakuna sindano, hakuna kuro, hakuna kitu kabatini."

"Na nisipokata?"

"Kaka yako atapoteza thelathini. Labda arobaini. Siku hamsini na nne, halafu mimi mwenyewe nitakuja kuzitoa, na utasema toleo lilikuwa bovu. Hatajua. Hakuna atakayejua."

Alitaka kunipa zawadi nyingine ya boksi la pembeni, na ilikuwa imefungwa vilevile, kwa sauti ya chini na neno mwanangu karibu na ulimi. Niliinuka nikatoka. Tezi niliiacha mezani kwake, ikiita.

*

Sitajifanya mtakatifu. Njiani asubuhi iliyofuata nilisimamisha pikipiki mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimeamua kunyamaza. Ilikuwa rahisi mno. Nimpe Luhende vitamini, nimsaidie kuinua ng'ombe, nihesabu siku. Nani angeumia zaidi ya alivyokwisha kuumia? Nikajaribu kumchukia Mama Koku kwa hesabu zake, nikashindwa, kwa sababu hesabu zilikuwa sahihi. Nilizirudia kichwani mara tatu. Elfu nane si namba tu kwangu. Nimekula katika nyumba hizo. Nilichoshindwa ni kimoja: kumwona Luhende akiniuliza tena kama inatibika, kwa upole uleule, na mimi niwe ndiye mtu wa pili anayekaa kwenye mkeka wetu akijua asichojua yeye.

Kijivu alikuwa amekufa. Luhende alikuwa anamfunika kwa matawi ya miiba ili fisi wasimfikie kabla ya watu wa kuchuna. Nikashika upande mmoja wa tawi. Nilimweleza tukiwa tunafanya kazi, kwa sababu macho yalikuwa na pa kuangalia.

Nilimweleza tezi nyeupe ni nini. Nilimweleza nzi, dawa, ramani yenye doa moja. Sikutia chumvi wala kupunguza. Nilipofika kwenye elfu nane aliacha kufunika.

"Vijiji vyote?"

"Vyote arobaini na vitatu."

"Hata kwa wakwe zangu?"

"Hata kwao."

Akajifuta mikono kwenye suruali. "Mimi nilisimama mnadani," alisema. "Niliwaambia wakalale na kuro wao. Walinicheka lakini walinionea wivu, niliona." Alitabasamu kidogo, vibaya. "Tulidhani tumependelewa."

"Tulidhani."

"Wewe hukujua."

"Sikujua, kaka. Naapa kwa kaburi hilo."

"Usiape, nakuamini." Na kweli aliniamini, nilimwona bega likishuka, nikafikiri, Mungu anisamehe, kwamba mambo yamekwisha, kwamba sisi wawili sasa tuko upande mmoja na yule mama yuko upande wa pili. Nikatoa kisu nikakiweka juu ya ukingo wa zizi, kati yetu.

"Sema tu," nilimwambia. "Ukisema nikate, naanza sasa hivi. Boma ni lako."

Hakukitazama kisu. Alikuwa anakunja uso, anafuatilia kitu, kama anavyofuatilia nyayo za ndama aliyepotea.

"Kuna kitu sikielewi," alisema. "Maboma yapo mengi kusini huku. Kwa Ng'wandu wana ng'ombe mia tatu. Yule mama alijuaje kuwa sisi hatutahama?"

Niliokota tawi jingine la miiba.

"Alikuuliza."

"Siku ya pili ya msiba. Tulikuwa tunasuuza masufuria."

"Alikuuliza tutahama lini."

"Ndiyo."

"Ukamjibu nini, Holo?"

Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, nina shahada mbili, na nilijibu kama mtoto aliyevunja chungu. "Nilimwambia misimu miwili."

Luhende aliketi juu ya jiwe la kunolea. Hakukasirika kwa namna ninayoijua. Ningemudu hasira, tumegombana tangu tukiwa na meno ya utoto. Aliketi tu. Wale ng'ombe waliokuwa na nguvu walikuwa wanapiga mikia, mfululizo, bila kupumzika, na sauti ile ndiyo iliyokuwa ikisikika.

"Babu alijibu kesho kutwa bunduki ikiwa shingoni," alisema mwishowe. "Mama alimjibu hivyo kaka yake wa tumbo moja. Mimi mke wangu sikumwambia mpaka alipozaa. Yule mama simlaumu sana. Yeye ni mtu wa nje, alisikia kitu akakitumia. Watu wa nje ndiyo kazi yao. Ndiyo maana hawaambiwi."

"Alikuwa kama mama yangu."

"Najua. Ulikuwa ukituambia kila ukija."

Aliinuka, akachukua kisu changu, akakikunja, akanirudishia mkononi. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Watabaki," alisema. "Siwezi kuua ng'ombe elfu nane wa watu kwa sababu nina hasira. Baba asingeweza. Nitawainua wanaoinuka, na siku zenu zikiisha mje mzitoe."

"Nitawaambia watu. Wanakijiji wote watajua nani aliyewabebea. Watakuja kukushukuru, kaka, watakuletea mitamba, watasaidia—"

"Hutamwambia mtu. Mimi sitaki kushukuriwa kwa kitu nilichoibiwa."

Nikasema sawa. Nikauliza kama nibaki nimsaidie hizo siku hamsini na tatu, nichukue likizo, nilale jikoni kwa mama mdogo. Alikuwa ameshaelekea kwa ng'ombe mwingine aliyelala, dume jekundu, akamzunguka akitafuta pa kumshika.

"Mvua za pili zikipita," alisema akiwa amenipa mgongo, "siku ya kufungua kundi, fimbo ataishika Kabula wa baba mdogo. Nitamtumia ujumbe aanze kujiandaa."

Kwa asiye wa kwetu hilo ni jambo la ratiba tu. Siku ya kufungua, mwanamke mmoja hutangulia mbele ya ng'ombe wa marehemu, anawatoa zizini na kuwavusha mto kwa fimbo yake, na watu wote wa ukoo husimama wakimtazama. Fimbo hiyo hushikwa na binti wa marehemu. Mtoto wa ndugu huishika pale tu ambapo marehemu hakujaliwa binti.

"Kaka," nilisema. "Baba ana binti."

Luhende alimshika dume mkia kwa mikono miwili, akaweka bega chini ya paja lake na kuanza kusukuma.

"Nenda," alisema. "Utachelewa kazini."